Kitufe Kimoja cha Maji

Kwa miaka kumi na minne nimelipwa kuongeza vitu kwenye programu za komputa. Hapa Kitengela kila mtu ana kazi inayoelezeka: duka, ploti, mawe ya kujengea, dawa za mifugo. Mimi nikiulizwa husema natengeneza programu, na mazungumzo yanaishia hapo. Kusema kweli, kazi yenyewe ni mikutano. Katika mikutano hiyo yuko mtu mmoja ambaye hatujawahi kumwona na ambaye tunamtaja kila baada ya dakika tano: mtumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida hataelewa hii. Mtumiaji wa kawaida atapotea hapa. Tunamzungumzia kwa upole, kama mgonjwa aliyelazwa chumba cha pili ambaye hafai kusikia. Tukishamhurumia vya kutosha, tunaongeza menyu nyingine.

Mtumiaji wa kawaida niliyemjua kwa sura alikuwa mama aliyetuletea maziwa. Alikuja Jumanne na Ijumaa kwa pikapu kutoka mbele ya mji wa Kajiado, akiwa na mitungi yake iliyofungwa kwa kamba, shuka juu ya sweta, na simu mbili shingoni. Moja ilikuwa kabambe, ya vitufe, ya kuongea na nyingine ya kisasa iliyopasuka kioo. Alikuwa amepita miaka hamsini. Kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana, tumeulizana habari za watoto, na kila mmoja kuendelea na shughuli zake. Sikujua kwamba ni mwenyekiti wa kamati ya kisima, na yeye hakujua ninachofanya mbele ya lile dirisha ambalo taa yake haizimwi mchana, mpaka bawabu wa mtaa wetu alipomwambia.

Ijumaa moja hakuondoka baada ya kupima maziwa. Alisimama getini akanieleza. Kwao kulikuwa na kisima cha mashine kilichochimbwa na wafadhili, chenye sola, tangi, na mahori mawili ya kunyweshea mifugo. Kilihudumia maboma mengi, mengine yakiwa mwendo wa nusu siku na zaidi. Mzee mmoja ndiye aliyefungua maji, na alipanga zamu za watu kwa chaki juu ya mlango wa chuma wa chumba cha pampu. Shida ni kwamba mtu hakujua zamu yake mpaka afike. Angetembea na ng'ombe asubuhi yote akute makundi kumi yanangoja, na hapo ndipo maneno yalianza. Mwezi uliopita wanaume wawili walikuwa wamepigana rungu wakibishania nani alitangulia. Alitaka watu waulize zamu kwa simu wakiwa bado nyumbani, na wajibiwe kwa simu.

Nikakubali palepale. Niliona ni kazi ya wikendi mbili.

Ilichukua miezi mitatu, na kosa halikuwa la kisima. Kila nilipokaa chini nilijiuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Je, mtu akitaka kuona zamu za mwezi mzima? Je, akitaka herufi kubwa? Je, akitaka mlio wa kipekee zamu yake ikikaribia? Nikaweka milio kumi na mmoja. Nikaweka ukurasa wa kusajili kundi la ng'ombe pamoja na picha ya kundi. Nikaweka mchoro wa mistari ulioonyesha matumizi ya maji kwa wiki, ambao ulinipendeza mno hata nikamwita mume wangu kutoka jikoni aje auone. Aliuangalia akasema ni mzuri, kisha akauliza ng'ombe wako wapi. Nilimweleza kwamba ng'ombe ni ule mstari wa kijani.

Programu ilipokwisha ilikuwa na kurasa kumi na mbili.

Siku ya mafunzo tulikutana katika kanisa la mabati lililo karibu na kisima. Walikuja watu kama thelathini, wengi wao akina mama. Nikawasalimu kwa Kimaasai, "Takwenya", kwa lafudhi ya mtu wa Murang'a, nao wakaitikia "Iko" kwa adabu ambayo sikustahili. Nikaanza na ukurasa wa kwanza. Mzee aliyekaa mbele aligusa mahali pa kubadilisha rangi, kioo kikawa cheusi, na kwa kuwa hakuwa na miwani akaamini simu imezimika. Akaizima kabisa ili iwake vizuri. Ilipowaka bado nyeusi aliifunga kwenye shuka lake, na sikuiona tena siku hiyo. Mama mmoja akabadilisha lugha bila kujua, na sote tukazunguka simu yake kujaribu kusoma Kifaransa. Kifaransa kilikuwa humo kwa sababu kilikuja chenyewe na mfumo na sikuona sababu ya kukiondoa.

Mzee wa kufungua maji alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, vumbi la chaki bado likiwa kwenye vidole. Nilipofika ukurasa wa tisa aliinua mkono.

"Madam," akasema, "hapa ndani mtu anaombea maji wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa ukurasa wa nne, chini, upande wa kulia.

Mwenyekiti hakunilaumu. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akaniulizia hali ya barabara nilipokuja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umetuletea supamaketi. Sisi tulikuwa tunataka chumvi."

Nilirudi Kitengela nikiwa nimenuna. Kwa siku mbili niliwalaumu wao, siku ya tatu nikalaumu mafunzo kuwa mafupi, na ya nne nikafungua komputa nikaanza kufuta. Kufuta kulinipa raha ambayo kuongeza hakukuwahi kunipa. Niliondoa milio, picha, lugha, rangi, na mwisho, kwa uchungu, ule mchoro wa mistari, ambao niliubakiza kwenye komputa yangu peke yangu. Kilichobaki ni kitufe kimoja cha bluu, kipana kama kioo chenyewe, kilichoandikwa NAOMBA ZAMU. Unakibonyeza, unaletewa siku na saa. Mwenye kabambe anatuma neno MAJI kwa ujumbe, na jibu ni lilelile. Aliyetangulia kubonyeza anatangulia kunywesha. Hakuna cha kujifunza, hakuna pa kupotelea.

Walikipenda. Yule mzee wa kioo cheusi alikibonyeza mbele yangu mara tatu, akapata zamu tatu, na akacheka. Kamati ikampa mzee wa maji simu moja ya kazi na kumwambia kuanzia siku hiyo afuate kinachosemwa na simu. Mwenyekiti aliniambia baadaye kwamba siku hizi mzee huyo hana kazi, anakaa tu kwenye kivuli cha mlango akingoja simu imwambie afungue. Alilisema kama habari njema, na mimi nikaipokea hivyo.

Huko kazini Nairobi niliombwa nieleze wenzangu nilichofanya. Nikasimama mbele yao nikawaonyesha kurasa kumi na mbili, nikanyamaza kidogo, kisha nikawaonyesha kitufe kimoja. Walipiga makofi. Mkubwa wangu akasema hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa mtumiaji wa kawaida. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeanza kujiona mtu mnyenyekevu, na nilitaka watu wengi iwezekanavyo walione hilo.

Kisha mvua ya mwezi wa kumi na moja haikuja. Ya mwezi wa nne ilikuja siku mbili ikaondoka. Ukiwa Kitengela ukame unauona hata kama hutaki, kwa maana ng'ombe wanaletwa mpaka kando ya barabara ya Namanga kutafuta majani katikati ya lami na kuta za mitaa yetu. Kwenye kundi letu la simu majirani walilalamikia mavi ya ng'ombe getini na maua yaliyoliwa. Mimi sikulalamika. Nilikuwa nafungua komputa kila asubuhi kuangalia mchoro wangu, na mstari wa maombi ya zamu ulikuwa unapanda kama ukuta. Watu walikuwa wanakitumia kitufe changu kuliko wakati mwingine wowote. Nilifurahi. Sipendi kulikumbuka hilo, lakini nilifurahi.

Alhamisi moja mwenyekiti alipiga simu. Hakuwa anakuja tena na maziwa, kwa sababu ng'ombe hawakuwa na maziwa ya kuletwa. Akaniambia kila siku sasa kuna ugomvi hapo kisimani, na ugomvi wenyewe ni mpya, hawajawahi kuwa na wa namna hiyo. "Injinia, kuja uone kitufe yako," akasema, na akakata.

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Nilipita Isinya, nikapita mji wa Kajiado, nikaacha lami. Pande zote mbili za njia ardhi ilikuwa tupu, na harufu ya mizoga iliingia kwenye gari hata vioo vikiwa vimefungwa.

Horini kulikuwa na kundi kubwa la ng'ombe, pengine mia mbili, wakinywa. Mwenyewe alikuwa pale, mwanamume wa makamo mwenye koti la ngozi na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Boma lake liko karibu na lami, ambako netiweki ni nzuri. Alikuwa amebonyeza kitufe, mkewe akabonyeza, na ndugu zake wawili wanaoishi hapo nyumbani wakabonyeza. Simu nne, zamu nne zinazofuatana, kundi moja.

Kando ya ua wa miiba alikuwa amesimama mwanamke mwembamba ambaye umri wake sikuweza kuukadiria. Alikuwa amefika dakika chache kabla yangu. Alikuwa na ng'ombe kumi na wawili, ndama wanne na punda, na ametembea tangu asubuhi ya jana kutoka ng'ambo ya milima. Alikuwa amefuata maagizo yote. Akiwa nyumbani alituma neno MAJI kwa kabambe, lakini kwao hakuna netiweki, na ujumbe ukakaa ndani ya simu kama barua isiyo na posta mpaka alipofika juu ya kilima. Hapo ukaondoka, na jibu likarudi haraka sana, kwa maana mfumo wangu ulikuwa mwepesi. Zamu yake ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana.

Mzee wa maji alikuwa na simu ya kazi katika mkono mmoja na mkono mwingine uko kwenye koki. Nilimwambia awafungulie ndama kwanza.

"Simu inasema ni huyu," akajibu, akimwelekezea kidevu mwenye koti la ngozi. Kisha akaninyoshea ile simu. "Kuna mahali ya ndama hapa?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtu anayemuuliza fundi, na mimi nikaichukua ile simu nikaitazama kana kwamba huenda pakawepo. Palikuwa na kitufe kimoja cha bluu.

Nikamgeukia mwenye kundi. Hakunipandishia sauti. Alisema, "Madam, mimi nilifinya kwanza. Sijaibia mtu. Nimefuata vile wewe ulisema." Na ilikuwa kweli. Hakukuwa na neno hata moja katika sentensi hiyo ambalo ningeweza kulipinga, kwa sababu sheria aliyokuwa anaifuata niliiandika mimi nikiwa na kikombe cha chai.

Mwenyekiti ndiye aliyelimaliza. Alikuja kutoka upande wa tangi, akatazama ndama, na kumwambia yule bwana maneno machache ya Kimaasai ambayo sikuyaelewa na ambayo hakuyarudia. Bwana akawapigia vijana wake mluzi, ng'ombe wakarudishwa nyuma. Mzee akafungua maji. Ndama watatu wakaja horini. Wa nne alibaki amelala kando ya ua. Yule mama akachota maji kwa sufuria akapiga magoti kumwekea mdomoni, na maji yakawa yanatoka upande wa pili. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Ilipofika saa sita hivi aliweka sufuria chini, akamfunika yule ndama macho kwa kiganja.

Hakulia. Alimuuliza mwenyekiti mimi ni nani, akaambiwa ndiye mwenye ile kitu ya simu. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, bila chuki, akauliza swali, na mwenyekiti akalitafsiri.

"Anauliza kama simu yako ilijua ako na ndama."

Nikasema haikujua.

Yule mama akasema maneno mengine. Mwenyekiti akayatafsiri. "Anasema, kama ingemuuliza, angeiambia."

Nilirudi nyumbani nikazima kitufe. Kamati ikamrudishia mzee chaki yake, na hakuna aliyeonekana kukikumbuka kitufe isipokuwa mimi. Nikaomba likizo ya wiki moja kazini, nikasema ni ya mambo ya kifamilia, kwa sababu sikujua jinsi ya kuandika kwenye fomu kwamba naenda kukaa kisimani.

Nilikaa juu ya mtungi uliopinduliwa karibu na mlango wa chuma. Nilimuuliza mzee anaamuaje nani anywe kwanza. Alifikiri kwa uaminifu kabisa kisha akasema, "Naangalia tu." Nilimuuliza tena kesho yake kwa namna nyingine, akasema vilevile. Basi nikaacha kuuliza nikaanza kuangalia na mimi.

Mlango ulikuwa umejaa alama. Mwanzoni niliona mistari tu, lakini kufikia siku ya tatu nilikuwa naweza kuisoma kwa shida. Duara lilikuwa kundi lenye ndama. Mistari miwili ilikuwa mtu aliyetoka mbali. Nukta ilikuwa punda aliyekuja kuchukua maji ya nyumbani, na huyo hakupanga foleni kamwe. Mstari wa mshazari ulikuwa mifugo inayokohoa, ambayo ilikunywa mwisho kwenye hori la chini, na hori likaoshwa baadaye. Kulikuwa na alama ya boma lenye msiba. Kulikuwa na alama ya mtu aliyesema uongo mara ya mwisho alipokuja, na hiyo ilifutwa baada ya mwezi, isipokuwa ya mtu mmoja ambayo mzee alisema anaiacha kwanza. Nilizihesabu alama hizo. Zilikuwa kumi na saba. Kurasa zangu kumi na mbili hazikuwa hata zimekaribia.

Na hakuna mtu aliyefika hapo akaulizwa hata swali moja la fomu. Mtu alikuja, akasalimiwa. Akaulizwa ametoka upande gani, amelala wapi, ng'ombe wako namna gani, watoto, mama yake yule mgonjwa. Akajibu kwa raha zake, na mzee akaitikia baada ya kila neno, huku kidole kinachora. Salamu zilipokwisha, mtu alikuwa amejaza kila kitu bila kujua kwamba kuna cha kujaza. Aliyekuwa na jambo alilisema. Asiyekuwa nalo alisema wako salama, akaambiwa angoje pale.

Nikaiga, kadiri simu inavyoweza kuiga mzee. Kitufe cha bluu kilibaki kilivyokuwa. Lakini ukishakibonyeza, chini yake linatokea swali dogo: Kuna jambo zaidi? Usiye na jambo unaweka simu mfukoni, na zamu yako inakuja. Mwenye jambo analigusa na kuulizwa: una ndama, unatoka upande gani, kuna mnyama mgonjwa, unamwombea mwingine. Mwenye kabambe aliweza kuongeza neno baada ya MAJI: NDAMA, MBALI, PUNDA. Boma moja likawa zamu moja, hata likiwa na simu kumi. Na mzee akapewa uwezo wa kumhamisha yeyote kwa kidole chake bila kumweleza mtu sababu. Hilo la mwisho lilinitisha mimi kuliko watu wa kisima, ambao walishangaa kwamba kumbe hapo awali halikuwepo.

Wenzangu kazini walitazama wakasema ni sawa, ila sehemu ile ya ndani yenye maswali ifichwe. Wanakamati waione, wengine wabaki na kitufe, la sivyo watachanganyikiwa. Niliona ni shauri la busara na nikalipeleka kanisani kama langu. Mwenyekiti akalitafsiri. Kisha yule mama wa ndama, ambaye sikuwa nimemwona nyuma karibu na ukuta, akasimama akaongea kwa dakika kadhaa bila kunitazama. Alipokaa, mwenyekiti alinifupishia.

"Anasema mara ya kwanza ulileta kila kitu, watu wakapotea. Mara ya pili ukaondoa kila kitu, ndama yake akakufa. Sasa anauliza kwa nini kila mara ni wewe unaamua yeye hawezi nini, na hujawahi kumuuliza."

Nilikuwa na majibu. Mtu aliyekaa kwenye mikutano miaka kumi na minne hakosi majibu. Lakini nilipoyatafuta mdomoni niliyaona yote yanaanza na maneno mtumiaji wa kawaida, na aliyesemwa alikuwa ameketi mbele yangu akirekebisha shanga zake. Niliondoa kufuli ya kuficha ile sehemu ya ndani siku hiyohiyo, nikiwa bado kwenye gari nje ya kanisa.

Sasa nieleze jinsi ilivyotumika, maana hakuna aliyeitumia kama nilivyotarajia.

Mama wa ndama alikuwa na majirani watatu wasiokuwa na simu kabisa. Akaanza kupanda kile kilima chenye netiweki na kabambe yake, mara mbili kwa wiki, akiomba zamu za maboma manne, kila moja na mambo yake. Baada ya muda mfupi aligundua kwamba akituma MAJI NDAMA MBALI PUNDA kwa mpigo mmoja, mfumo unapokea yote. Mimi sikuwa nimekusudia hivyo. Ilitokea tu kwa namna nilivyoandika, na kama angeniuliza ningemwambia haiwezekani. Nikanyamaza, nikaliingiza kwenye maelekezo kana kwamba nililipanga tangu mwanzo.

Mwenye duka la vifaa, ambaye ana simu mbili kubwa na televisheni inayosikia sauti ya mtu, alinipigia kila wiki. Alikuwa akibonyeza kitufe vizuri kabisa, kisha akiona lile swali dogo anaogopa kwamba ni mtego wa kumnyima zamu. Nilimweleza kila mara kwamba aliache kama hana la kusema. "Mimi sina jambo zaidi," alinijibu kila mara, kwa heshima ya mtu aliyesingiziwa. Sikumcheka. Mimi mwenyewe simu yangu bado inalia mlio uleule iliotoka nao dukani, na sijui mahali pa kuubadilisha.

Mzee naye alipokea uwezo wake wa kuhamisha watu na kuutumia bila kelele. Lakini chaki hakuiacha. Kila zamu iliyokuja kwenye simu aliinakili mlangoni na alama zake, kisha akaangalia mlango, wala hakuangalia simu. Nilimuuliza kwa nini anafanya kazi mara mbili.

"Simu ni ya watu," akasema. "Mlango ni yangu."

Ukame uliendelea miezi mitano zaidi. Ng'ombe walikufa, kwa sababu kupanga foleni vizuri si kunyesha mvua, na kuna maboma mawili ambayo mwishowe hayakuwa na cha kuleta horini. Ugomvi haukuisha, ila ulirudi kuwa ule wa zamani ambao watu waliujua na waliweza kuumaliza wenyewe. Mwenyekiti alisema hiyo ni afadhali kubwa.

Halafu asubuhi moja mstari kwenye mchoro wangu ulianguka mpaka chini. Maombi sifuri. Siku ya pili sifuri, ya tatu sifuri. Nilikagua mfumo wote, nikawasha na kuzima kila kilichowashika, nikampigia mwenyekiti kumuuliza ni nini kimeharibika.

"Mvua imenyesha, injinia," akaniambia polepole, kama unavyomwambia mtu aliyeamka kutoka usingizini.

Ilikuwa imenyesha hata Kitengela kwa siku nne. Nilikuwa nimeiona, kwa kuwa nguo zilikataa kukauka kwenye kamba, lakini haikunijia kwamba inahusiana na kazi yangu. Mabwawa yalikuwa yamejaa, na ng'ombe walikuwa wanakunywa mahali ambapo hakuna anayeomba zamu.

Kiangazi kilichofuata walikuja watu watatu nyumbani kwangu, wanakamati wa kisima kingine huko Rombo, karibu na mpaka. Walikuwa wamesikia habari. Nikawapikia chai, tukaongea mambo ya safari, kisha mkubwa wao akaeleza shida yao. Alisisitiza kwamba wao hawataki mambo mingi. Mambo yao ni rahisi tu, watu wao wanaelewana, wanataka kitu ya kufinya mara moja basi. Mimi nilikuwa nimefungua daftari, na mkono ulikuwa tayari unachora kitufe.

Nikauliza ni nani anayewafungulia maji. Walitazamana. Wakasema ni mama fulani, amezeeka, hajui mambo ya simu, na hakuna haja ya kumsumbua.

Nikafunga daftari, nikauliza gari linaweza kufika karibu na kwake au nibebe viatu vya kutembea.